Shangazi wa Kituo cha Ukingo

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu yeyote, Dokta Atuganile Mwambungu alisoma mikojo ya wenzake.

Hakuwa na haja ya kuigusa wala kuinusa. Mashine aliyoibuni ilifichwa ndani ya ukuta wa choo, na mtu akishamaliza haja yake, kikombe cha kioo kisichozidi ukubwa wa kidole kilikinga matone machache kabla mengine hayajaenda kwenye mtambo wa kusafisha maji. Matone yalipitishwa kwenye mirija myembamba kuliko unywele, yakatenganishwa, yakahesabiwa. Chai haijachemka, tayari kwenye kioo cha maabara taa nne zimewaka, kila mtu na taa yake, na Atuganile anajua nani kaamka na moyo wa namna gani.

Jina rasmi la mashine lilikuwa Kipimahuzuni. Jina hilo halikudumu hata wiki. Fundi wa mitambo, Osmund Gama, aliiita Shangazi, kwa sababu nyumbani shangazi ndiye mwenye ruhusa ya kukuuliza mambo ya chumbani bila kuona haya, na wote wakaifuata. Atuganile hakulipenda jina hilo. Mtu akishasomea kemia nusu ya maisha yake, anatamani kitu chake kiitwe kwa heshima kidogo.

Kituo cha Ukingo kilisimama juu ya shimo kubwa karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Ndani ya shimo hilo jua halijawahi kufika tangu kuumbwa kwake, na humo ndimo walimochimba barafu. Dunia ilionekana chini kabisa, ukingoni mwa anga, ikipanda kidogo na kushuka kidogo, kama mtu anayechungulia dirishani na kusita kubisha hodi. Waliokaa kituoni walikuwa wanne: Kapteni Shaame Faki, Mpemba wa makamo aliyeongoza kituo, Vaileth Kihwele kutoka Iringa, aliyetunza bustani ya taa na kupika, Gama wa Songea, aliyeshuka shimoni na mtambo wa kuchimba, na Atuganile mwenyewe. Mpaka chombo cha zamu kije kuwabadilisha, hakuna wa kuingia wala wa kutoka.

Shangazi alibuniwa kwa sababu ya neno moja. Katika kituo kingine, fundi mmoja aliulizwa habari za asubuhi, akajibu salama, akanywa chai yake, akatoka nje na hakurudi. Alijibu salama kwa sababu ndivyo tunavyojibu. Kwetu hata aliyefiwa huanza na salama, ndipo anaongeza "ila". Nyumbani kuna muda wa kuisubiri hiyo "ila", watu wanavuta kigoda wanakaa. Kituoni watu wanapishana na vifaa mkononi, na "ila" inabaki kooni.

Atuganile aliamua kutafuta kisichojua adabu, akazikuta figo. Mwili hupata kutoka kwenye chakula kitu kiitwacho triptofani. Sehemu yake hutengeneza kemikali inayotuliza moyo, na sehemu nyingine huvunjwa kuwa kinyureni. Huzuni ikimkaa mtu, mgawanyo huo huharibika, na mingine mingi pamoja nao, na mabaki yote hutoka na mkojo. Uso unaweza kutabasamu. Figo hazina haya, zinasema tu.

Shida ni kwamba kila mwili una namna yake ya kuhuzunika. Kwa huyu kinyureni hupanda, kwa yule hushuka. Kwa hiyo Atuganile hakumfundisha Shangazi kulinganisha watu. Alimfundisha kuchukua mwezi wa kwanza wa kila mtu kituoni kuwa mwanzo wake, kisha kupima umbali kutoka hapo. Aliyekuwa karibu na mwanzo wake aliwashiwa kijani, aliyeanza kusogea mbali njano, na aliyekwenda mbali sana nyekundu. Ulikuwa mpango safi, na wakubwa wa Makao Makuu waliusifu. Walikuwa wakijenga chombo cha kwenda Mirihi, safari ya miaka, na walimwambia wazi kwamba Shangazi akimkamata mtu mmoja tu kwa uhakika, ataingizwa kwenye chombo hicho.

Mtu huyo akawa Gama.

Taa yake ilikwenda njano, ikakaa, kisha asubuhi moja ikawa nyekundu. Atuganile aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Gama alikuwa mtu wa mwisho ambaye mtu angemdhania. Alikuwa akiimba akivaa suti ya kushukia shimoni. Mezani yeye na Vaileth walikuwa hawapumziki, maana Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu zao, na hao wawili waliubeba utani wao hadi Mwezini bila kupunguza chochote.

"Mhehe kapika leo," Gama alikuwa akisema. "Onjeni kwanza nyie, mimi nina watoto."

"Kula. Maji ya mchuzi huo ni mkojo wako wa jana. Kama ni mbaya ujilaumu."

Kapteni alikuwa akiinama kucheka kwenye sahani. Atuganile alikuwa akitabasamu kwa adabu na kuondoka mapema.

Alipomwonyesha Kapteni taa nyekundu, mzee alishika kidevu. "Mbona mtu mwenyewe anacheka, Dokta?"

"Ndiyo sababu tulitengeneza mashine, Kapteni. Wanaocheka."

Gama aliitwa, akaulizwa hali, akajibu yeye mzima kabisa, tena hajawahi kuwa mzima kama sasa. Atuganile aliandika jibu hilo kuwa dalili. Akampangia matibabu kama kitabu kinavyoagiza: apumzike, asishuke shimoni, akae muda mwingi kwenye chumba chenye taa ya mwanga wa jua, na wenzake wamwendee polepole, wasimpigie kelele, wasimchokoze.

"Hata utani?" Vaileth aliuliza.

"Hasa utani."

Vaileth alifungua mdomo, akamtazama Gama, Gama akatikisa kichwa kidogo, naye akaufunga. Atuganile aliona. Alidhani ni ubishi wa kawaida wa mpishi.

Meza ikawa kimya. Walimpa Gama kipande kikubwa, wakamwuliza kwa sauti laini kama amelala vizuri, wakampisha mlangoni. Ukitaka kumfanya mtu ajione maiti, mpishe mlangoni kila siku. Nyimbo zilikoma. Kwenye chumba cha taa alikaa na mikono juu ya magoti, akitazama ukuta mweupe ambao haukuwa na kosa lolote.

Na taa yake ikaanza kurudi. Kutoka nyekundu ikawa njano. Kutoka njano, asubuhi moja ambayo Atuganile hakuitegemea, ikawa kijani kibichi. Alipeleka taarifa Makao Makuu, na majibu yalikuja yamejaa pongezi: Shangazi amegundua, matibabu yameponya, Mirihi inamsubiri. Atuganile alikaa peke yake na furaha hiyo ndani ya maabara. Alitafuta mtu wa kumwambia, akakumbuka kwamba kila mtu kituoni alikuwa na saa yake ya kuzungumza na nyumbani, na ya kwake aliigawa zamani kwa Vaileth, mwenye watoto. Alikuwa amemwambia yeye hana mtu wa kumsumbua.

Jioni hiyo Gama hakula. Alishika kijiko, akakiweka. Atuganile aliona kijiko na aliijua taa, na vitu hivyo viwili havikukubaliana. Aliichagua taa. Taa aliitengeneza yeye, na kijiko kingeweza kuwa na sababu elfu.

Asubuhi Kapteni alimruhusu Gama arudi kazini. Gama alivaa suti kimya, akafunga kofia, akashuka peke yake, kama alivyokuwa akishuka siku zote.

Vaileth hakumimina chai. Aliishika birika akasimama mlangoni pa maabara.

"Dokta, yule mtu hajapona."

"Namba zake zimerudi sawasawa, Vaileth. Zimerudi mpaka pale alipoanza."

"Pale alipoanza wapi?"

"Mwezi wake wa kwanza hapa."

Vaileth aliweka birika chini. Alionekana kama mtu anayevunja ahadi, na kweli alikuwa akiivunja.

"Mwezi wake wa kwanza hapa alikuwa ametoka kumzika mama yake. Arobaini haijafika, akapanda chombo. Alificha, maana mkigundua mtu ana msiba mnamwacha. Aliniambia bustanini, akilia juu ya mchicha. Nikamwuliza, mtani gani alikuja kwenye msiba? Akasema hakuna, walizika haraka. Dokta, mtu anazikwaje bila mtani? Nani kamcheka marehemu? Nani kalala kaburini akadai kuku?"

Atuganile aligeuka kutoka kwenye kioo.

"Nikafanya mimi. Nililala kwenye mlango wa kutokea nje na suti zimening'inia, nikamwambia sitoki mpaka nilipwe kuku wa msiba. Akanipa pakiti ya kuku wa kukausha. Nikamsema marehemu vibaya sana. Alicheka, akalia, akacheka. Tangu hapo akaanza kuimba. Kisha wewe ukakataza utani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwahidi. Na wewe hukuuliza, Dokta. Hujawahi kutuuliza kitu. Unapima tu."

Atuganile aligeukia kioo, akafungua mistari ya Gama, wa mwezi wa kwanza na wa leo. Ililaliana kama nyayo za mtu mmoja. Mwanzo wa Gama ulikuwa msiba. Alipoanza kupona alisogea mbali na mwanzo huo, na Shangazi, ambaye alifundishwa kupima umbali bila kuuliza mtu anaelekea wapi, akapiga kengele. Wakamshika mtu aliyekuwa akitoka kwenye giza, wakamrudisha kwa upole mpaka ndani kabisa, na taa ikawaka kijani.

Alikimbilia chumba cha mawasiliano, Vaileth nyuma yake. Kapteni Shaame alikuwa ameinamia kipaza sauti na kiooni mbele yake kulikuwa na nukta moja iliyoonyesha alipo Gama, ndani kabisa ya shimo.

"Hewa yake imefika mstari wa kurudi," Kapteni alisema bila kugeuka. "Nishamwambia arudi."

"Amejibu nini?"

"Amesema sawa."

Nukta haikusogea. Kapteni alibonyeza kitufe. "Gama, habari za huko?"

"Salama, Kapteni." Sauti ilikuwa tulivu, haina kosa lolote. Atuganile alitumia maisha yake yote kupambana na neno hilo, na sasa analisikia, na ni yeye aliyelirudisha mdomoni mwa mtu.

"Panda basi, mwanangu."

"Sawa, Kapteni."

Nukta ikabaki palepale. Kwenda kumchukua kungechukua muda mrefu kuliko hewa aliyokuwa nayo. Kapteni alimtazama Atuganile, na Atuganile, mwenye shahada tatu, akamtazama mpishi.

"Nakuomba," alisema. "Fanya ulivyofanya."

Vaileth alivuta kiti, akajifuta mikono kwenye aproni, akabonyeza kitufe.

"We Mngoni."

Kimya.

"We Mngoni, nasema na wewe. Babu zako walitembea kutoka kusini kote huko. Walipofika Songea miguu ikawaishia, wakakaa chini wakasema hapa ndipo tulipokuwa tunakuja. Na wewe leo umekaa humo shimoni unataka kutuambia ndipo ulipokuwa unakuja?"

Mashine ya hewa ya kituo ilivuma ukutani.

"Mimi bado nakudai kuku."

"Nilikulipa." Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Ulinilipa kuku wa pakiti. Hana miguu, hana shingo, hana hata unyoya. Mama mzima anaagwa na kuku asiye na miguu? Najua alikuwa mchoyo, lakini si kiasi hicho."

Kapteni alifumba macho akamwomba Mungu msamaha kwa niaba ya wote. Atuganile alishika ukingo wa meza.

"Mama hakuwa mchoyo," Gama alisema.

"Alikuwa mchoyo. Si ulinieleza mwenyewe sukari alikuwa anaifungia kabatini na ufunguo anaulalia?"

Kulikuwa na kishindo cha pumzi kwenye kofia yake, na hakuna aliyeweza kujua ni cha kucheka au cha kulia.

"Aliifungia kwa sababu ya baba. Baba alikuwa anatia vijiko sita."

"Sita! Basi ndiyo maana mlishindwa vita. Wote mlikuwa mnaumwa meno."

"Nani alishindwa vita?"

"Njoo juu tubishane. Mimi kwenye redio sibishani, koo linaniuma."

Walisubiri. Nukta ilitetemeka, ikasimama, kisha ikaanza kupanda, polepole, ikifuata kamba aliyoshukia. Vaileth hakuachia kitufe. Alimsema mama wa watu kwa bidii hadi Gama alipofika mlango wa kuingilia, akafungua kofia, akasimama pale uso umelowa, akamwambia kwa sauti iliyopasuka kwamba Wahehe hawajawahi kumshinda mtu. Ndipo Vaileth mwenyewe akakaa sakafuni akalia.

Atuganile aliwaandikia Makao Makuu siku hiyohiyo. Hakuzunguka. Alisema mashine yake ilimtia hatarini mtu aliyekuwa akipona, na kwamba isiende Mirihi wala popote mpaka ijue tofauti ya kusogea na kuzama. Alijua barua hiyo itamgharimu nini. Miaka kumi na moja ya kazi ilikuwa ndani ya mashine hiyo, na alipoituma barua alikaa akitegemea kuumia, lakini hakuumia sana. Jambo hilo lilimshangaza kuliko yote.

Kwa mazoea tu ya kazi, akaamua kutazama kama kosa limejificha kwingine. Alichukua mstari wa msiba wa Gama, akaulinganisha na mianzo ya wengine, ingawa alijua kila mwili una huzuni yake. Wa Kapteni haukufanana nao. Wa Vaileth haukufanana nao. Mmoja ulifanana, kinyureni na kila kitu, ukalala juu ya ule wa Gama kama shuka juu ya godoro, nao ulikuwa wa mtu ambaye taa yake haikuwahi kuacha kijani tangu siku ya kwanza.

Ulikuwa wake.

Atuganile alijaribu kukumbuka nani alikufa. Hakuna aliyekufa. Wazazi wake wako Tukuyu, wazima, wana simu. Dada yake yupo, na watoto wa dada yake ambao majina ya wawili wadogo ilibidi ayatafute kichwani. Hakukuwa na msiba wowote wa kuutaja. Aliishi hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mwili wake ulipoulizwa mwanzo wako uko wapi, ulijibu hapa.

Alimweleza Vaileth wakati wakiosha vyombo, kwa sentensi mbili kavu, kama anatoa taarifa ya kifaa. Vaileth hakumpa pole. Alisugua sufuria akisema tu, "Nimesikia, dada."

Kesho yake Atuganile alikuta mtu amelala kizingitini pa maabara, chali, mikono kifuani. Alikuwa Gama.

"Umeanguka?"

"Nimekuja msibani."

"Hakuna msiba hapa."

"Kihwele kanituma. Kasema upo, ila haujatangazwa." Alifumba macho. "Mimi Mngoni, wewe Mnyakyusa. Sina hakika kama sisi ni watani, babu zetu sijui walipigana vya kutosha. Lakini huku juu hakuna mwingine. Siondoki mpaka nipewe kuku."

Atuganile alisimama na vifaa vyake mkononi. Hakujua jambo hilo linafanywaje. Angeweza kumruka, kizingiti hakikuwa kipana. Aliweka vifaa chini, akaenda stoo, akarudi.

"Kuku hakuna," alisema. "Kuna maharage."

Gama alifumbua jicho moja, akaitazama pakiti. "Huu ni msiba gani wa maharage? Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa," Atuganile akaanza, na sauti ikamwacha njiani. Akajaribu tena. "Alikuwa mtu wa kuondoka mezani mapema."

"Haya. Mchoyo wa maneno. Tutamsema huyo." Akasogea kidogo kumpa nafasi, na Atuganile akakaa sakafuni kando yake na pakiti ya maharage mapajani, akacheka kicheko kibaya chenye kutu, kisha akalia kwa muda mrefu, na hakuna aliyempisha.

Zikapita siku. Aliidai saa yake ya kuzungumza na nyumbani, na Vaileth akamrudishia kwa kelele nyingi. Dada yake aliposikia sauti yake aliuliza kwanza nani amekufa.

Halafu asubuhi moja, kwenye kioo cha maabara, taa mbili zilikuwa kijani, ya Gama njano tena, na ya nne nayo njano. Atuganile alisoma jina mara mbili. Shangazi alikuwa amemwona muumbaji wake akisogea, na kama kawaida yake hakujua anaelekea wapi. Atuganile hakuizima taa hiyo. Aliiacha ikiwaka, akatoka kwenda mezani.

"Habari za asubuhi, Dokta?" Kapteni aliuliza.

"Salama," alisema, akavuta kiti akakaa. "Ila."

Vaileth aliweka birika chini, na wote watatu wakamsubiri.